Ngazi Ndogo ya Noti Tano: Namna ya Kuielewa na Kuitumia kwenye Gitaa

Kijana anayeanza kujifunza gitaa mjini Lubumbashi, awe wa mtaa wa Katuba, Kenya au Ruashi, huonyeshwa mapema sana umbo moja la vidole kwenye freti ya tano, yaani nafasi ya tano kati ya vipande vya chuma vya shingo, na kabla mwezi haujaisha vidole vyake vimekwisha kulizoea kiasi cha kulipanda na kulishuka huku akizungumza na jirani. Umbo hilo ndilo ngazi ndogo ya noti tano, ambayo wapigaji wengi wa hapa huiita gamu ya pentatoniki kwa kufuata Kifaransa tulichosomea. Shida ni kwamba umbo hujulikana na ngazi yenyewe isijulikane: kijana anajua vidole vinakokwenda, lakini hajui noti anazozipiga zinaitwaje, ni ipi kati yake inayozitawala nyingine, wala ni wimbo gani unaozikubali na upi unaozikataa. Nimefundisha vijana wa kwaya kwa miaka kadhaa, na kosa hili nimelikuta kwa karibu kila mmoja, pamoja na wale wenye vidole vyepesi kuliko vyangu. Kwa hiyo nitaanza na noti, kisha vidole, kisha nitakaa kwa muda mrefu kwenye lile jambo ambalo huachwa.

Noti zenyewe

Nitatumia la kama noti ya msingi, kwa sababu katika ngazi yake hakuna diezi (noti iliyopandishwa freti moja) wala bemoli (iliyoteremshwa freti moja) na majina ni mepesi kukumbuka. Ngazi ndogo ya kawaida ya la ina noti saba: la, si, do, re, mi, fa, sol. Ondoa ya pili, ambayo ni si, na ya sita, ambayo ni fa. Zinazobaki ni la, do, re, mi, sol, na hizo ndizo noti tano tunazozitafuta.

Inafaa kujua kwa nini zimeondolewa hizo mbili na si nyingine. Katika ngazi ya noti saba kuna mahali pawili ambapo noti jirani zimetengana kwa nusu toni tu, yaani freti moja: kati ya si na do, na kati ya mi na fa. Nusu toni ndiyo umbali mdogo kuliko yote kwenye gitaa, na ndiyo inayozaa msuguano mkali zaidi noti mbili zinapolia pamoja. Zaidi ya hapo, fa na si zenyewe zimeachana kwa toni tatu kamili, umbali ambao sikio huupokea kama swali linalodai jibu papo hapo. Ukiziondoa si na fa, nusu toni zote mbili na ule umbali wa toni tatu vinaondoka kwa mkupuo mmoja, na noti tano zilizobaki zinaweza kufuatana kwa mpangilio wowote bila kugombana zenyewe kwa zenyewe. Nasema zenyewe kwa zenyewe kwa makusudi, kwa kuwa zinaweza kabisa kugombana na wimbo unaopigwa chini yake, na hapo ndipo wengi huumbuka.

Umbali kati ya noti moja na inayofuata, ukihesabiwa kwa freti, ni huu: kutoka la hadi do freti tatu, do hadi re mbili, re hadi mi mbili, mi hadi sol tatu, na sol hadi la ya juu mbili. Ikariri kama namba ya simu: tatu, mbili, mbili, tatu, mbili. Jumla yake ni kumi na mbili, ambayo ndiyo oktava nzima, na ukianzia noti yoyote ile kwenye uzi wowote na kufuata hesabu hiyo, utapata ngazi ndogo ya noti tano ya noti hiyo. Mwenye kinanda anaweza kuisikia bila kuhesabu chochote: aanze kwenye mi bemoli, apande kwa vibonye vyeusi peke yake hadi mi bemoli ya juu, na ngazi nzima itakuwa imepita mikononi mwake.

Kuna njia nyingine ya kuzifikia noti hizi ambayo mimi huipenda zaidi, kwa sababu inaonekana kwa macho. Pima kwa kamba urefu wa uzi wa gitaa lako kutoka kwenye mfupa wa juu, pale nyuzi zinapoanzia shingoni, hadi kwenye daraja, kisha pima kutoka freti ya saba hadi daraja. Utakuta kipande hicho ni theluthi mbili za uzi mzima. Uzi uliobakizwa theluthi mbili hutoa noti ya tano ya ule ulioachwa mtupu, yaani bila kubanwa, na baada ya oktava huo ndio uhusiano mwepesi zaidi ambao sauti mbili zinaweza kuwa nao. Sasa anza na do, uruke kwa umbali huo mara nne: do, sol, re, la, mi. Ni noti zilezile tano. Si ajabu basi kwamba watu walioishi mbalimbali sana, wasiojuana, wamezifikia kila mmoja kwa njia yake, kuanzia wapiga zeze wa China hadi wapigaji wa Mali kama Ali Farka Touré.

Umbo kwenye freti ya tano

Hakikisha kwanza gitaa limepangwa kwa utaratibu wa kawaida, kutoka uzi mnene, ambao ni wa sita, hadi mwembamba, ambao ni wa kwanza: mi, la, re, sol, si, mi. Programu za bure za simu hufanya kazi hiyo vizuri. Kama simu imezimika, bana uzi wa sita kwenye freti ya tano na uulinganishe na uzi wa tano mtupu, kwa maana zote mbili ni la ileile yenye mitetemo 110 kwa sekunde, na zisipolia kama sauti moja, kuna uzi umelegea. Unapobana, kidole kikae nyuma kidogo ya kipande cha chuma, upande wa kichwa cha gitaa, wala kisikae juu ya chuma chenyewe.

Uzi wa 6: freti 5 (la), freti 8 (do)
Uzi wa 5: freti 5 (re), freti 7 (mi)
Uzi wa 4: freti 5 (sol), freti 7 (la)
Uzi wa 3: freti 5 (do), freti 7 (re)
Uzi wa 2: freti 5 (mi), freti 8 (sol)
Uzi wa 1: freti 5 (la), freti 8 (do)

Kidole cha shahada kishike freti zote za tano, kidole cha pete freti za saba, na kidole cha mwisho freti za nane. Kidole cha mwisho kitachoka na kulalamika kwa wiki mbili za kwanza. Kiache kichoke, usikisaidie kwa kidole cha pete, kwa sababu ukikizoesha uvivu sasa utakisumbukia baadaye. Weka metronomu ya simu kwenye mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa kila pigo, noti kumi na mbili kwenda juu na kumi na mbili kurudi.

Kuna sharti moja ambalo silisamehe kwa mwanafunzi yeyote: taja jina la kila noti kwa sauti wakati unapoipiga, na uliimbe jina hilo kwa sauti ya noti yenyewe. La, do, re, mi, sol, la. Mwanzoni mdomo utachelewa nyuma ya kidole, kisha utakwenda sambamba nacho, na siku moja utatangulia, ukajikuta unaiimba noti kabla hujaipiga. Siku hiyo ndiyo utaanza kupiga muziki, maana kidole kitakuwa kinatii sikio badala ya sikio kukifuata kidole nyuma.

Katika umbo hili noti ya la inaonekana mara tatu: uzi wa 6 freti ya 5, uzi wa 4 freti ya 7, na uzi wa 1 freti ya 5. Mimi huwabandikia wanafunzi vipande vidogo vya plasta ubavuni mwa shingo ili macho yasipotee, na huviondoa baada ya wiki tatu.

Noti inayotawala

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Noti tano hazijawa ngazi ndogo kwa kuwa ni la, do, re, mi na sol. Zinakuwa ngazi ndogo pale tu sikio linapokubali kwamba la ndiyo mwenye nyumba na nyingine nne ni wageni wake. Jaribio lifuatalo litakuonyesha maana ya maneno haya kuliko maelezo yangu yoyote.

Jirekodi kwenye simu ukipiga la peke yake, uzi wa tano mtupu, tena na tena kwa muda wa dakika mbili, polepole. Kisha jirekodi vivyo hivyo ukipiga do peke yake, uzi wa tano freti ya tatu. Sasa fungulia ile rekodi ya la na upige juu yake noti zozote za umbo letu, kwenye nyuzi za nne hadi ya kwanza, bila haraka. Utasikia uzito, kama mtu anayesimulia jambo lililompata. Zima, fungulia rekodi ya do, na upige noti zilezile, kwa vidole vilevile, mahali palepale. Uzito umeondoka, kumekucha. Hakuna kidole kilichohama, na wala hakuna noti iliyoongezwa au kupunguzwa. Kilichobadilika ni mwenye nyumba. Noti tano za la ndogo (mineur) ndizo hizohizo noti tano za do kubwa (majeur), na tofauti iko katika noti ile ambayo muziki unaiegemea na kupumzikia.

Rudia jaribio hilo mpaka uweze kusikia tofauti ukiwa umefumba macho. Naliona kuwa na thamani kuliko mwezi mzima wa kupanda na kushuka kwa kasi.

Sasa nitaeleza jinsi jambo hili linavyomkamata mtu kanisani. Jumamosi moja, katika mazoezi ya kwaya huko Katuba, kijana wa miaka kumi na sita alikuwa ameketi karibu nami na gitaa lake lenye nyuzi tano, wa kwanza ukiwa umekatika. Wimbo ulikuwa katika la kubwa. Alijua kwamba wimbo uko katika la, alijua umbo la la liko freti ya tano, basi akalipiga kwa moyo wote. Sauti ya tatu ya waimbaji ikayumba, mama mmoja wa soprano akageuka kumtazama, na kijana akanyamaza. Tulipomaliza akaniinamia: “Yaya, juu ya nini inalia mubaya? Iko la, si iko la?” Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Akordi ni noti kadhaa zinazolia pamoja, na akordi kubwa ya la ina noti tatu: la, do diezi na mi. Ngazi aliyoipiga ina do. Kila alipotua kwenye do na kuishikilia, waimbaji walikuwa wanaimba do diezi, na kati ya hizo mbili kuna nusu toni, ule umbali tuliojitahidi kuuondoa ndani ya ngazi, sasa umerudi kupitia mlango wa wimbo.

Nilimwambia ateremshe mkono mzima freti tatu, umbo lianzie freti ya pili badala ya ya tano, asibadilishe kitu kingine. Noti zikawa fa diezi, la, si, do diezi na mi. Kwa jina hiyo ni ngazi ndogo ya fa diezi, lakini kwa kuwa kwaya ilikuwa inaimba la kubwa, mwenye nyumba akabaki kuwa la, na zile noti zikasikika kama ngazi kubwa ya noti tano ya la. Ila kuna jambo moja ambalo lazima liangaliwe: katika umbo hilo hilo, la haiko tena chini ya kidole cha shahada kwenye uzi wa sita. Iko chini ya kidole cha mwisho, freti ya 5 ya uzi wa 6, na tena freti ya 2 ya uzi wa 3, na freti ya 5 ya uzi wa 1. Mtu akiteremsha mkono lakini akaendelea kupumzikia kidole cha shahada, atakuwa anapumzika kwenye fa diezi, na sentensi zake zote zitabaki zikining’inia.

Kanuni basi ni hii: wimbo ukiwa mdogo, umbo lianzie kwenye noti ya msingi ya wimbo, wimbo ukiwa mkubwa, umbo literemke freti tatu, na kidole cha mwisho kiwe ndicho kinachofika nyumbani. Kanuni hii ina umuhimu wa pekee kwetu, kwa sababu muziki tuliokulia ndani yake ni mkubwa kwa sehemu kubwa. Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, aliporekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, alikuwa akipiga kwa kidole gumba na cha shahada juu ya akordi kubwa, na gitaa la Katanga la kizazi chake lilikwenda njia hiyo. Rumba na sebene yake nazo hukaa zaidi katika akordi kubwa, na nyimbo nyingi za ibada vilevile. Masomo yanayotoka nje kupitia simu humfundisha kijana umbo la freti ya tano kana kwamba dunia nzima inapiga bluzi. Kijana wa hapa, kwa nyimbo atakazoombwa kusindikiza wiki hii, atahitaji kuteremka freti tatu mara nyingi zaidi kuliko kubaki.

Utajuaje kama wimbo ni mdogo au mkubwa pasipo mtu wa kukuambia? Sikiliza pale unapomalizikia, uimbe noti ambayo unahisi wimbo unaweza kulala juu yake, kisha uitafute kwenye uzi wa sita. Kutoka hapo panda freti tatu, upige, usikilize. Kisha panda freti nne kutoka palepale, upige, usikilize. Moja itakaa ndani ya wimbo na nyingine itauchubua. Ikikaa ya tatu, wimbo ni mdogo. Ikikaa ya nne, ni mkubwa. Usiamue kwa kufikiri kwamba wimbo wa huzuni lazima uwe mdogo, kwa sababu nyimbo zetu nyingi za msiba ziko katika ngazi kubwa na bado watu hulia.

Kusema maneno machache

Aliyejua ngazi hushawishika kuitapika yote. Dawa yake ni kumnyang’anya noti. Chukua tatu tu: uzi wa 2 freti ya 5 (mi), uzi wa 2 freti ya 8 (sol), na uzi wa 1 freti ya 5 (la). Fungulia tena rekodi yako ya la, na kwa robo saa nzima usipige noti nyingine yoyote. Utakapochoka na mpangilio wa noti, ndipo utaanza kugundua vitu vingine: kuchelewesha noti kidogo, kuirudia mara tatu, kuipiga kwa nguvu kisha kwa upole, kuikata ghafla, kuiacha ivume mpaka ife.

Fuata utaratibu wa kwaya, ambapo kiongozi huimba mstari na wengine wakaitikia. Piga mstari wa mapigo manane usioishia kwenye la, uishie labda kwenye sol au mi. Nyamaza kwa mapigo manane, ukihesabu. Kisha piga mstari wa kuitikia unaofanana na wa kwanza, lakini huu uishie kwenye la. Huko kunyamaza katikati ni sehemu ya muziki. Mwimbaji hupata pumzi hapo, na mpiga gitaa, kwa kuwa mikono yake haihitaji pumzi, husahau kwamba msikilizaji anaihitaji.

Ukishakuwa na raha na noti tatu, ongeza kuvuta uzi. Weka kidole cha pete kwenye uzi wa 3 freti ya 7, ambayo ni re, kidole cha kati kikiwa nyuma yake kuisaidia, na uusukume uzi kuelekea juu, upande wa nyuzi nene, mpaka re ipande toni nzima na kuwa mi. Ili ujue umefika, piga kwanza uzi wa 2 freti ya 5, ambayo ni mi ya kweli, uikariri, kisha uvute mpaka zilingane. Wengi huishia njiani, na noti iliyoishia njiani bila kukusudiwa husikika kama gitaa lisilopangwa. Gitaa langu la kwanza lilikuwa na uzi wa waya wa breki ya baiskeli, ambao hauvutiki hata kidogo. Kwa nyuzi za namna hiyo acha kuvuta, na badala yake teleza kidole kutoka freti ya 7 hadi ya 9 ya uzi huohuo, utafika mi ileile bila kuumiza kidole.

Ngazi na akordi zinazopita chini yake

Tuchukue wimbo mdogo wenye akordi tatu: la ndogo, re ndogo na mi ndogo. Ngazi yetu inaweza kupita juu ya zote tatu bila kuhama, lakini kila akordi ina noti zake inazozipenda. Juu ya la ndogo, pumzikia la, do au mi. Akordi ikigeuka kuwa re ndogo, tua kwenye re au la. Ikigeuka kuwa mi ndogo, tua kwenye mi au sol. Mpigaji anayetua mahali sahihi wakati akordi inapogeuka, hata kwa noti moja, huonekana ameujua wimbo. Anayekimbia bila kutua huonekana kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.

Tahadhari moja hapa ni kubwa kuliko inavyoonekana. Nyimbo nyingi ndogo hazitumii mi ndogo, hutumia mi kubwa, hasa pale zinapojiandaa kurudi kwenye la. Akordi ya mi kubwa ina sol diezi, na ngazi yetu ina sol. Usiishikilie sol kwenye akordi hiyo. Kaa kwenye mi, au bora zaidi, ipandishe sol freti moja: uzi wa 4, kutoka freti ya 5 kwenda ya 6, kisha ya 7 akordi ya la inaporudi. Sol diezi ikipanda kwenda la kwa wakati wake ni mojawapo ya miendo mizuri kabisa ambayo mkono unaweza kuifanya, na imo ndani ya eneo la umbo lako tayari.

Bluzi ni mlango wa peke yake. Huko akordi ni kubwa, zenye noti ya saba iliyoteremshwa, na mpigaji anaweka ngazi ndogo juu yake kwa makusudi, akitafuta ule mgongano wa do na do diezi uliomwaibisha kijana wetu wa Katuba. Tofauti ni kwamba mpigaji wa bluzi haiachi do ikakaa kimya. Huivuta kidogo, chini ya nusu toni, ikabaki kati ya huzuni na furaha. B.B. King, mpiga bluzi wa Marekani aliyepiga Kinshasa mnamo Septemba 1974 katika tamasha lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman, alikuwa bingwa wa kuchanganya ngazi ndogo na kubwa ndani ya mstari mmoja. Mzunguko wa kawaida wa bluzi una hatua (mesure) kumi na mbili: nne za la, mbili za re, mbili za la, moja ya mi, moja ya re, na mbili za la. Wapigaji wa bluzi pia huongeza noti ya sita, mi bemoli, iliyoko uzi wa 5 freti ya 6 na uzi wa 3 freti ya 8. Ipitie tu ukielekea re au mi, usilale juu yake.

Kuhama

Umbo halina uzi mtupu ndani yake, kwa hiyo linahamishika zima. Noti ya msingi hufuata uzi wa sita: fa iko freti ya 1, sol ya 3, la ya 5, si ya 7, do ya 8, re ya 10, na mi ya 12. Kwaya ikipandisha wimbo toni moja kwa sababu ya waimbaji, nawe panda freti mbili, na kazi imekwisha.

Baada ya miezi miwili hivi, tafuta umbo la pili, linaloanza pale la kwanza linapoishia. Uzi wa 6 una freti za 8 na 10, uzi wa 5 una za 7 na 10, uzi wa 4 una za 7 na 10, uzi wa 3 una za 7 na 9, nyuzi za 2 na 1 zina za 8 na 10. Noti ni zilezile tano, na la sasa iko uzi wa 4 freti ya 7 na uzi wa 2 freti ya 10. Usilijifunze kama kisiwa. Anza kwenye umbo la kwanza, uzi wa 3 freti ya 5, piga do, kisha re kwenye freti ya 7, teleza kwa kidole cha pete hadi mi kwenye freti ya 9, na kutoka hapo piga sol kwenye uzi wa 2 freti ya 8 na umalizie la kwenye freti ya 10. Mkono umehama ndani ya sentensi moja na msikilizaji hakuona mshono. Rudi kwa njia hiyohiyo, ukitaja majina, na jioni umeme unapokatika uifanye gizani, mpaka uweze kuikuta la ya freti ya 10 bila kuangalia shingo.